Matundu ya Mgongoni

Fundi cherehani alikaa dirishani kwenye treni ya asubuhi, amepakata karatasi za sahihi za kudai tume ichunguze vifo vya wafungwa waliouawa na wanajeshi gerezani. Mwanawe alikuwa mmoja wao.

Mzee aliyeketi kando yake alizisoma bila kuombwa, kama wasafiri wafanyavyo. "Tume ya nini, mama? Watakunywa chai, basi. Wafungwa waliwarukia wanajeshi, nao wanajeshi wakajitetea. Redio ilisema."

"Shati la mwanangu nililishona mwenyewe, mzee wangu," alijibu taratibu. "Waliponirudishia lilikuwa na matundu mawili, yote mgongoni. Anayekurukia, risasi humwingia mgongoni?"

Mzee akakohoa, akainamia viatu vyake. Kisha akasema, "Nilikuwa mpishi mle gerezani. Niliwaona wafungwa kupitia dirisha la jikoni. Walikuwa wamepigishwa magoti."

Fundi alimpa kalamu, akamwonyesha mstari mtupu. "Andika jina lako."

"Nina wajukuu, mama."

"Na mimi ningekuwa nao."

Treni ikasimama kituo alichopaswa kushuka fundi. Hakuinuka. Mzee alikuwa ameishika kalamu, bado haijagusa karatasi.