Kamba Iliyo Mezani Masara

Mgeni rasmi, ndugu yetu Nicholas Okari, beki uliyestaafu lakini hujazeeka. Bwana Ratemo, mwenye shimo la dhahabu na mdhamini wa mashindano haya. Chifu wetu, refa, wachezaji na majirani: sisi akina mama wa vijana wa timu ya Masara tunawasalimu. Wa misa wametoka misa, wa Sabato tulipumzika jana, kwa hivyo leo tuko wote.

KARIBU NYUMBANI

Hapo ulipoketi ndipo marehemu mama yako, Nyatichi, alikuwa akiuza ndizi. Vijana wanakujua kwa televisheni. Sisi tulikujua ukiwa na kamasi.

ULIKOTOKA

Vijana hawajui hii, wacha tuwaambie. Ulipokuwa kidato cha pili mabega yako yalikuwa yamepanuka, na wachimbaji wakakuona. Siku ulipofungwa kamba kiunoni ili ushuke kuchimba dhahabu, mama yako alikuja na beseni ya ndizi, akaiweka kwenye mdomo wa shimo, akaketi kando yake.

Wakamwambia, "Mama, toka hapo, unazuia kazi."

Akajibu, "Hii ndiyo kazi yangu. Anayetaka ndizi anunue. Anayetaka kushuka apite juu yangu."

Wakacheka sana, wakasema Masara imepata beki. Alikaa tu, mpaka wewe mwenyewe ukafungua kamba kwa aibu, ukarudi shule.

Kutoka hapo tulikufuata kwa macho. Ulicheza Mbita kwenye kiwanja cha mchanga kando ya ziwa, ukaenda Nairobi kwa ligi kuu, ukavaa jezi ya taifa. Maisha yako yote ulifunga bao moja, tena la kujifunga, pale Homa Bay, siku ambayo sisi tulikuwa tumekuja na lori zima kukushangilia. Watu walikuzomea. Ukautoa mpira wavuni kwa mikono yako, ukaupeleka katikati, ukarudi mahali pako, na hakuna mtu aliyekupita tena mpaka filimbi. Hata goti lilipokataa, uliaga mpira ukiwa umesimama.

TULIPOFIKA

Leo kwenye fainali tumewafunga timu ya Osiri moja bila, mbele ya macho yako. Nahodha ni Javan, beki wa kati, mtoto wa mama anayesoma risala hii. Watu wanasema anakaba kama wewe, na sisi hatubishi. Jezi na viatu ni vya Bwana Ratemo. Ukweli usemwe, tunamshukuru.

LINALOTUSUMBUA

Mgeni rasmi, siku hizi hapa Masara kikombe hakitolewi peke yake. Kinatolewa pamoja na kamba ya shimo. Nahodha akishaishika, shimo ni la timu kwa wiki nzima, na mawe ya dhahabu watakayopandisha ni yao. Ni desturi ya kuwashukuru vijana, haikuanzishwa kwa ubaya. Lakini kijana ametoka kwa fainali, magoti yamevimba, kichwa kimejaa makofi, anashuka akidhani hata mwamba ataukaba. Na mabeki ndio hutangulizwa, kwa sababu ya mabega.

Mwaka jana alitangulia Machuki, beki wetu wa kushoto. Ukuta wa shimo ukamwangukia. Ndiye yule ameketi na magongo karibu na bendera ya kona. Tulimuuliza kama tumtaje, akasema, "Mama Javan, soma jina langu kwa sauti. Waambie mwamba hauna refa."

Wiki hii mvua imenyesha kila jioni na udongo umelegea. Tukiwaambia vijana, wanatujibu, "Mathe, tulia, ni wiki moja tu." Javan naye akasema, "Mama, nahodha akikataa kamba ataitwa mwoga mpaka azeeke." Mama anaweza kumfulia mtoto, anaweza kumwombea, lakini hilo jina hawezi kumzuilia. Wewe unaweza.

OMBI

Tungekuomba nyavu za goli, tungekuomba choo cha wachezaji. Hayo yatangoja. Leo ombi ni moja.

Juzi tulienda kwa Bwana Ratemo. Hakutufukuza. Alisema, "Anayetoa kamba ni mgeni rasmi. Yeye akiamua, mimi sina neno." Bwana Ratemo, tumelishika hilo neno, na sasa uwanja mzima umelishika.

Basi mgeni rasmi, kikombe na kamba viko mezani mbele yako. Javan anakuja sasa hivi kupokea, na anakuangalia wewe, si sisi. Mpe kikombe. Kamba ikibaki mkononi mwako hakuna atakayemwita mwoga, maana aliyekataa ni wewe, na wewe nani atakuambia kitu? Halafu kamba hiyo utupatie sisi akina mama. Ni ndefu, ni ngumu, itatosha kuanika jezi za timu yote.

Na ukiona ugumu, geuza macho upande wa shimo. Wenzetu Nyasuguta na Lynnet hawako hapa uwanjani. Walitangulia na beseni zao za ndizi, na wameshaketi.

Mungu aliyempa mama yako nguvu ya kukaa akupe wewe nguvu ya kusimama. Awalinde vijana wa Masara na wa Osiri, wote warudi nyumbani na miguu yao.

Ni sisi,
Akina Mama wa Timu ya Masara.
Imesomwa na Roseline Nyakerario, Mama Javan.