Darweshi Shariff, Mkausha Nyumba wa Bondeni

Tarehe 30 Novemba 1957, Bwana Darweshi Shariff atarudisha stoo buti zake za mpira, koleo na brashi, baada ya miaka ishirini na tisa katika kikosi cha usafi wa majumba hapa Nakuru. Mtunza stoo ni mimi, kwa hiyo nitazipokea mimi, na nasema mapema kwamba buti hizo hapewi mtu mwingine. Zimetoboka.

Aliingia kazini mwaka 1928, kijana wa kuchimba mitaro. Mvua ikipiga kule juu Menengai, maji yalishuka na tope lake, yakapitia vyooni, yakabeba ya vyooni, yakaishia vyumbani mwa watu. Kazi ya kikosi ilikuwa kuyatoa. Wenzake waliyatoa wakaenda zao, lakini Darweshi alibaki nyuma akinusa kuta. Alitaka kujua kwa nini nyumba iliyokwisha kauka mbele ya macho ya watu wote bado inanuka viazi vilivyooza, na kwa nini watoto wa nyumba hiyo wanakohoa hadi Krismasi.

Hapo ndipo vituko vilipoanza. Aligonga kuta kwa kijiko na kutega sikio, maana ukuta mkavu unalia na ukuta mbichi unanyamaza. Aligundua pia kwamba kuvu ikisuguliwa kavu huruka kama vumbi na kuingia vifuani. Basi akaamuru iloweshwe kwanza kwa maji ya sabuni, pua zikiwa zimefungwa kitambaa, ndipo isuguliwe. Watu wa mtaa wa Bondeni walicheka mpaka wakashika mbavu. Bwana huyu, walisema, anakausha nyumba kwa kuimwagia maji!

Kwenye magodoro hawakucheka. Godoro la sufi lililolowa maji ya choo alilichoma moto, hata likiwa la harusi. Mama mmoja alimfukuza na mwiko mtaa mzima. Alikimbia, ndiyo, lakini alikimbia na godoro.

Sasa nifike kwenye masika ya mwaka 1951. Maji yaliingia hata kwake, na mwanawe Hadiya alikuwa amerudi kwa mamake kujifungua mtoto wa kwanza. Mganga hajigangi. Darweshi alisafisha nyumba za watu wote, na alipofika kwake siku za Hadiya zilikuwa zimekaribia mno. Bibi Nuria, mkewe, alitaka chumba cha uzazi kiwe cheupe. Darweshi akasugua, akagonga, ukuta ukanyamaza. Naye akapaka chokaa juu yake! Kama ni furaha ya mjukuu au ni hofu ya mke, sisi kikosini tunabishana hadi leo.

Maimuna akazaliwa. Kwa desturi ya nyumba za Kiislamu pale Bondeni, mzazi hutulia chumbani siku arobaini, madirisha yamefungwa upepo usimpige, jiko la makaa pembeni, na wanaume hawaingii ovyo. Joto lipo, unyevu upo, dirisha limefungwa. Kuvu ingeomba nini tena? Mtoto akaanza kukohoa. Kifua kikawa kinapiga filimbi, akashindwa hata kunyonya. Akina mama wakasema ni upepo, wakaziba na nyufa za dirisha kwa matambara.

Siku moja alimwendea Bi Rahab, mfuaji wetu, akamsihi aende kumpongeza mzazi na akiwa huko asogeze kitanda kidogo. Rahab alikwenda na uji. Aliporudi alisema nyuma ya kitanda chokaa imevimba na kubanduka, na chini yake kuna kuvu nyeusi tii.

Darweshi aliondoka palepale, nasi tukamfuata. Alisimama uani mbele ya mkewe na majirani wote, akatamka kwamba chokaa ile aliipaka yeye, na alijua ukuta ni mbichi. Akaomba mtoto atolewe saa hiyo hiyo. Lo, Bibi Nuria alilia kwa hasira! Mzazi kutoka nje kabla ya arobaini? Likitokea la kutokea, nani atabeba lawama? Darweshi akajibu kwamba ataibeba yeye, na hiyo ya chokaa pia. Hatimaye Bibi Nuria akakubali kwa masharti yake, jua liwe kali na upepo usiguse hata kidole. Wanawake wakawazunguka mama na mtoto, sisi tukashika shuka kandokando huku tukitazama pembeni, hadi nyumba ya jirani wa upande wa juu, ambako maji hayakufika. Kisha tukabomoa plasta yote, na Darweshi ndiye aliyepiga pigo la kwanza. Daktari alimpa mtoto dawa, lakini wiki zile zilikuwa ngumu. Kila asubuhi tulimtazama Darweshi usoni kwanza, ndipo tukathubutu kumsalimu.

Tangu masika hayo hakuna nyumba ya kikosi chetu inayopakwa chokaa kabla ukuta haujalia. Bondeni nako dirisha la juu huachwa wazi kidogo wakati wa arobaini. Anayewafundisha akina mama ni Bibi Nuria mwenyewe, tena anadai wazo lilikuwa lake. Mumewe hajambishia.

Mimi ni mtu wa kuulizauliza, na kuna jambo lililonikera miaka yote. Angeweza kuisingizia mvua. Kwa nini alijitangaza mbele ya mtaa mzima? Juzi nikamwuliza. Akasema kutunga uongo kunataka muda, na mtoto hakuwa na pumzi za kumsubiri.

Hapo hapo Maimuna akaja kumwita babu yake. Alipanda mbio kutoka Bondeni hadi stoo, na bila kutua akatueleza kilichopikwa, waliofika, na aliyempiga mwenzake madrasa, neno juu ya neno, hadi babu akacheka na kufuta macho.

Bwana Darweshi, asante kwa kazi, na asante kwa siku ile ya uani. Nenda nyumbani salama. Mungu akujalie uzee mrefu, mpaka uchoshwe na maneno ya mtoto huyo.

Kipkemboi, mtunza stoo, kwa niaba ya kikosi