Madufu Matano, Pigo Moja

Wasikilizaji wapendwa, salamu kutoka hapa Bukhara. Anayekanda unga aendelee kukanda, anayekunywa chai aendelee kunywa, ila redio iongezwe sauti kidogo. Leo tunamkumbuka Hosiyat Qurbonova. Wengi wenu mlimwita Hosiyat-opa, yaani dada Hosiyat, hata ninyi mliomzidi umri. Ametutoka mwezi uliopita, nyumbani kwake, mtaa wa wafua shaba, akiwa na miaka sabini na mmoja. Alikuwa mpiga dufu. Alikuwa mmoja wa wale wanawake ambao bila wao harusi ya Bukhara ni kula pilau na kwenda zako.

Nasema tena kwa waliokuwa jikoni: tunamkumbuka Hosiyat-opa, mpiga dufu.

Sikuja hapa kuwaliza. Familia yake imenikataza. Binti yake, Mavluda, alinimiminia chai, akaniambia waziwazi: "Dada, ukimgeuza mama yangu kuwa malaika nitaizima hiyo redio. Waambie watu alivyokuwa. Alikuwa mkali, alikuwa mcheshi, na zabibu zake alikuwa anazificha."

Basi tuanze na ukali. Hosiyat alipokuwa mdogo hakuwa na dufu. Alikuwa na sinia ya shaba ya mama yake, na aliipiga tangu asubuhi hadi watu wakamchoka. Shangazi yake, Mushtari, aliishi upande wa pili wa ukuta. Mushtari ndiye aliyekuwa kiongozi wa wanawake wapiga dufu mtaani kwetu, na sauti yake ilijulikana mji mzima. Siku moja alipaza sauti ukutani: "Huyo mtoto mpeni dufu kabla hajaitoboa hiyo sinia!"

Mama yake akamjibu, "Mpe wewe, ni damu yako!"

Akampa. Hosiyat akafundishwa kulianika dufu juani mpaka ngozi ikaze. Akafundishwa kulitikisa ili zile pete za chuma ndani yake zilie zinapotakiwa, na zinyamaze zisipotakiwa. Kisha akafundishwa adabu. Wasikilizaji wapendwa, hapo kwenye adabu naomba mnisikilize vizuri, maana hadithi yetu yote imelala hapo.

Adabu yenyewe mnaijua. Mdogo hamtangulii mkubwa. Hamtangulii mlangoni, hamtangulii kumega mkate, na kwa wanawake wa Mushtari hamtangulii kwenye dufu. Mkubwa anapiga. Mdogo anasikia, ndipo naye anapiga. Ni kitambo kidogo sana, kope haijashuka, lakini kipo. Harusini hakuna aliyekilalamikia. Ua limejaa, watu wanacheza, madufu yanafukuzana, raha tupu. Mimi mwenyewe nilifunuliwa uso kwa madufu hayo, na nililia vizuri kabisa.

Miaka ikaenda. Hosiyat akaolewa, akazaa, akazeeka kidogo. Mushtari akazeeka sana. Alipovuka themanini sauti yake ilianza kukwaruza. Hapo Hosiyat akaingiwa na hofu ambayo haikumtoka tena.

Kuna wimbo tunaoimba siku ya kumfunua uso biharusi. Nyote mnajua kiitikio chake. Beti za mwanzo mnazijua pia, mkikazana. Lakini zile beti ndefu za katikati, ambamo mama anamwambia binti yake mambo ambayo mchana hawezi kumwambia, alizijua mtu mmoja tu. Mushtari. Wengine wote walizisikia kwa mbali, chini ya madufu, wakamumunya maneno pamoja naye, basi.

Mavluda anakumbuka mama yake akizunguka jikoni akisema, "Shangazi akiondoka, anaondoka na maneno ya mama wa biharusi wote wa mji huu."

Mtu ataniuliza, si angemwomba azitamke tu? Alimwomba. Yule bibi alifungua mdomo, akatamka mstari mmoja, akakwama. Akakasirika. "Maneno yangu yanakaa ndani ya dufu," alisema. "Mkinyamaza, yananikimbia." Akajaribu kuimba na dufu lake peke yake, lakini mikono haikuwa na nguvu tena. Kabla ya kufika katikati alikuwa amepotea. Alihitaji wanawake wake wamzunguke. Bila wao wimbo haukuja.

Ikabidi kurekodi. Na hapo anaingia Farhod, mume wa Mavluda. Farhod ni daktari wa meno. Meno ni kazi yake, mashine ndizo mapenzi yake. Alileta maikrofoni, akaleta kompyuta, akatandaza nyaya mpaka kwenye banda la kuku. Akawakusanya wanawake watano kwenye sebule ya Hosiyat: Mushtari, Hosiyat mwenyewe, jirani yao Saodat, na wapiga dufu wawili wadogo zaidi. Wakapiga. Wakaimba. Wakakaa kusikiliza.

Ilitoka tope. Madufu yalisikika, sauti ya Mushtari ilisikika, lakini maneno hayakushikika. Ungedhani bibi anaimba na mkate mdomoni.

Saodat, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, akasema, "Mkwe, hii ni harusi au ni mtu anang'olewa jino?"

Farhod akasema kasoro ni chumba. Basi magodoro yote ya kukalia yakatolewa juu ya sanduku, yakaning'inizwa ukutani. Mazulia yakafuata. Hosiyat akakalia sakafu tupu kwenye nyumba yake mwenyewe. Wakarekodi. Tope. Farhod akasema kasoro ni maikrofoni, akaleta nyingine. Tope la bei ghali. Akamsogeza Mushtari karibu, akawasogeza wengine mbali. Sasa Mushtari alisikika akipumua, lakini maneno bado yalizama kila dufu lilipolia. Na dufu, kama mjuavyo, halikai muda mrefu bila kulia.

Bibi alikuwa anachoka. Kila mara ubeti mmoja ulikatika mwisho kwa kukohoa. Hosiyat aliona hayo. Siku hiyo hakumtania mtu.

Kesho yake Farhod alimwita mbele ya kompyuta. "Mama, njoo uone. Hapa pigo moja limechorwa. Lingekuwa kilima kimoja, sivyo? Mbona ni ngazi?"

Hosiyat akainama, akatazama. Akamwambia arudie kulipiga hilo pigo, taratibu. Akalisikiliza. Akaomba tena. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Ngazi hii naijua," alisema. "Hiki kidato cha kwanza ni shangazi. Hiki ni mimi. Hiki ni Saodat, na wale wawili wadogo ndio hao chini, wamesimama mlangoni wanasubiri kukaribishwa. Mwanangu, tumepanga foleni kwa umri!"

Wasikilizaji wapendwa, mmeona? Adabu. Madufu matano, kila moja likimsubiri mkubwa wake. Uani, kwenye kelele na vicheko, foleni hiyo haimsumbui mtu. Lakini chumbani, mbele ya maikrofoni, pigo moja linakuwa mapigo matano yanayoburutana. Neno likitoka mdomoni linakuta dufu la pili bado linalia, la tatu linaingia, la nne liko njiani. Neno halina pa kukaa. Madufu yote yakilia kwa pamoja, pigo linakuwa fupi, linapita, na nyuma yake panabaki nafasi. Maneno hukaa kwenye nafasi hiyo. Hakuna godoro la kukutengenezea hilo, wala maikrofoni.

Kujua ni jambo moja, kufanya ni jambo jingine. Hosiyat akawaita tena. Akasimama mlangoni, akawaambia, "Adabu ziacheni hapa na viatu. Mtazikuta mkitoka. Leo tunapiga pamoja."

Wakajaribu. Mikono ikagoma. Wale wawili wadogo walikuwa wakikaribia ngozi ya dufu, halafu mkono unajizuia wenyewe. Mmoja akasema, "Opa, naona haya. Nahisi kama namkatisha bibi maneno." Saodat naye akajitutumua, akawahi mno, akapiga kabla ya watu wote, akafunika uso kwa ushungi wake.

Na Mushtari akaweka dufu chini.

"Sasa mnanikimbiza," alisema. "Nimewafundisha wote, leo mnanisukuma kama mbuzi anayechelewa. Nikifa mtapiga mtakavyo."

Mavluda anasema chumba kizima kiliinamisha kichwa. Wale wadogo walianza kukusanya vitu vyao. Farhod alijifanya anakagua waya. Hosiyat peke yake hakuinamisha kichwa. Alikwenda akakaa karibu na shangazi yake, magoti kwa magoti.

"Shangazi," alisema, "tukimaliza kula, tunainua mikono kwa dua. Ukisema amin, nani anatangulia kupangusa uso?"

"Swali gani hilo?"

"Nani, shangazi?"

"Hakuna anayetangulia. Mikono yote inashuka pamoja."

"Mdogo hakusubiri?"

"Anisubiri kwa nini? Dua ni yetu sote."

"Na hujawahi kuona umevunjiwa heshima."

Bibi alimgeukia Hosiyat. Alimtazama, akamtazama Saodat, akawatazama wale wadogo ambao tayari walikuwa wamesimama. Saodat alishindwa kuvumilia. "Bibi, kubali bwana, mkwe ameshamaliza magodoro."

Mushtari akatabasamu upande mmoja, kama alivyozoea. "Sasa amin yenyewe nitaisema saa ngapi, nami naimba?"

"Huna haja ya kusema," Hosiyat akamjibu. "Mimi nitavuta pumzi kwa nguvu, wote wasikie. Pumzi ikiisha, mikono inashuka. Yako na yetu."

"Nipe dufu langu," bibi akasema.

Mara ya kwanza waliachana kidogo. Mara ya pili waliachana hata zaidi, mpaka Saodat akaapa kwamba ni jini. Kisha Hosiyat akavuta pumzi, mikono ikashuka, na dufu likalia. Nasema dufu, si madufu. Wale wadogo walitazamana kwa mshangao. Pigo la pili likaja hivyohivyo, na la tatu, na hapo Mushtari akafungua mdomo. Sauti ilikuwa inakwaruza, ndiyo. Lakini sasa ilikuwa na mahali pa kupita. Alizipita beti za mwanzo. Akaingia katikati. Akapita kila ubeti, mmoja baada ya mwingine, hakukohoa hata mara moja, na hakuna aliyemfuata kwa kumumunya maneno, kwa sababu wote walikuwa wanasikiliza.

Walipomaliza Farhod aliwasikilizisha. Maneno yalikuwa yamekaa wazi, kila moja mahali pake. Mama anamwambia binti yake asinywe machozi kwenye chai ya mama mkwe. Anamwambia mlango wa nyumbani hauna kufuli kwa upande wake. Wanawake walioupigia wimbo huo dufu tangu usichana wao walikuwa wanayasikia maneno hayo sawasawa kwa mara ya kwanza, na walilia, wote, na Farhod pia, ingawa anasema ni vumbi la mazulia.

Mushtari hakulia. Aliinamisha sikio mpaka mwisho, akasema, "Huyu bibi anatamka vizuri. Ni nani?"

Alifariki masika iliyofuata, baada ya Navruzi, sikukuu yetu ya mwaka mpya. Leo wimbo huo wanaujua wasichana wa mtaa mzima, kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hosiyat ndiye aliyewafundisha, sebuleni kwake, kila msichana na dufu lake. Aliyesita kupiga kwa kuona haya alitumwa nje kwenda kuchungulia viatu vyake. Farhod bado ananunua mashine. Lakini mtu akija kumuuliza maikrofoni gani ni nzuri, humwambia kwanza akajifunze kupiga pamoja, ndipo arudi.

Hayo ndiyo maisha ya Hosiyat-opa, mpiga dufu, yaliyojaa mikono ya watu wengine. Aliondoka kwa utulivu, baada ya chai ya asubuhi. Zabibu zake zimepatikana ndani ya dufu la zamani, juu ya kabati.

Mavluda alinieleza jambo moja la mwisho. Baada ya mazishi aliwasha ile rekodi, akitaka kulisikia dufu la mama yake. Alitafuta, akatafuta. Hakulipata. "Mapigo yale ni kitu kimoja," aliniambia. "Huwezi kusema hili la mama, hili la Saodat. Nikamkasirikia, dada. Nikasema, mama, umejifuta mwenyewe." Akairudisha mwanzo kabisa, akaongeza sauti. Hapo akampata.

Kwa Mavluda na Farhod, kwa Saodat, kwa wajukuu na wanafunzi wote wa Hosiyat-opa, poleni sana. Mungu amrehemu, na nyumba yake isikose kicheko. Na ninyi mlioko majumbani, nawaomba mfikiri jambo moja. Kuna mtu humo ndani mwenu anasema na hasikiki vizuri. Pengine si kwamba sauti yake imechoka. Pengine sisi tunaomheshimu ndio tunaomfunika. Mkae karibu naye, mumwachie nafasi.

Sasa tunaupiga wimbo wenyewe. Fundi wetu wa mitambo alitaka kukata sehemu ya mwanzo, akisema kuna mtu anapumua kabla ya pigo la kwanza. Nimemwambia asiiguse. Sikilizeni vizuri, wasikilizaji wapendwa. Huyo ndiye Hosiyat.