Nani Atamsikia Mtoto wa Fundi Kochi?

Kijiwe chetu ni kochi moja kuukuu lililoachwa nje ya karakana na mteja ambaye hakurudi kulichukua. Springi moja imetokeza upande wa kushoto, na huko ndiko tunakomkalisha mgeni. Mimi ndiye ninayechemsha kahawa, wananiita Mama Birika. Wateja wangu wa kila siku ni watatu: Kipaza, muuza mitumba ambaye hata siri huiuza kwa mnada, Mzee Saa, anayetengeneza saa za watu na yake haiendi, na Waya, fundi umeme. Wa nne ni mwenye karakana, Fundi Kochi. Yeye ni kiziwi, na mkewe ni kiziwi pia. Hukaa nasi, hunywa kahawa, hutusoma midomo, na akichoka hufumba macho. Akifumba macho tunajua tumeanza kuongea upuuzi.

Siku hiyo alitoka ndani na kipande cha ubao, amekiandika kwa ile chaki yake ya kuchorea vitambaa. Akakiegemeza kwenye birika langu ili wote tukione.

MKE NA MTOTO WANATOKA HOSPITALI KESHO. MAMA MKWE ANASEMA ATAMCHUKUA MTOTO. ANASEMA HATUTASIKIA AKILIA.

Mtoto huyo walimsubiri mpaka watu wakaacha kuuliza. 

— Ampeleke wapi? akanguruma Kipaza.

— Kwake, nikasema. Mpaka ajue kutembea, nadhani.

— Haiwezekani! Kuzaa si kazi, kazi ni kununua.

— Kazi ni kulea, akasema Mzee Saa.

— Utalea na nini kama hujanunua, mzee wangu? Sikilizeni. Tuchange, tumnunulie kigari. Kile cha magurudumu manne chenye kofia. Mama mkwe akikiona atajua hapa pana watu.

Waya akaonyesha mashimo ya barabara yetu.

— Kigari hapa? Mtoto akifika pale kona, maziwa yameshakuwa siagi tumboni.

— Basi kitanda cha wavu. Au lile beseni lenye kiti ndani. Au chandarua cha kukunjua kama mwavuli.

— Na hivyo vyote vinasikia? nikauliza. Maana tatizo lililoandikwa hapo ni kusikia, jamani.

Nimezaa wanne mimi. Katika kikao kile ni mimi peke yangu niliyewahi kubadilisha nepi, na hakuna aliyeniuliza chochote.

Mzee Saa akajikohoza.

— Mtoto mchanga ni kama saa. Anakula, analala, analia, anarudia. Ukiujua mzunguko wake umemjua. Mimi nitatoa saa ya kengele, ile kubwa.

— Kengele kwa kiziwi, mzee?

Mzee Saa akanywa kikombe ambacho kilikuwa kitupu tangu zamani.

— Simba mwenda pole, akasema, akakwama hapo hapo kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa.

— Taa! Waya akaruka. Naweka kinasa sauti juu ya kitanda, nakiunga na balbu. Mtoto akilia, taa inawaka usoni mwao. Kimya kingi kina mwanga mkuu!

— Mshindo mkuu.

— Wangu mimi una mwanga.

— Na umeme ukikatika?

— Mtoto atalazimika kuvumilia, kama sisi wengine.

Kipaza akawanyamazisha wote kwa mikono miwili.

— Mnasumbuka bure. Mbwa! Mbwa ana masikio kuliko sisi sote. Mtoto akilia, mbwa anamvuta Fundi shuka.

— Na mbwa akilia?

— Mtoto anamvuta mbwa.

— Na nani kawaambia mtoto wa viziwi hulia? akauliza Mzee Saa, sasa amepata nguvu mpya. Niliwahi kuelezwa habari za mtoto aliyelia miaka miwili bila sauti. Mdomo umefungwa, machozi yanatiririka. Damu yake ilishajua kwamba kelele haina mnunuzi katika nyumba ile.

— Nani alikueleza?

— Mtu aliyemsikia.

— Alimsikiaje kama hana sauti?

— Ndiyo maana alishangaa!

Hapo Kipaza akataka kufunga mjadala kwa methali, akachukua ya kwanza iliyomjia.

— Jamani, sikio la kufa halisikii dawa!

Tukaganda. Fundi Kochi alikuwa anamtazama mdomoni. Hakufumba macho safari hii. Aliweka kikombe chini polepole, akauchukua ubao wake, akafuta maandishi kwa kiganja, akaingia ndani. Muda si muda tukasikia msumeno. Baadaye nyundo. Nilipokuwa napakia vikombe vyangu jioni, nyundo bado inalia.

— Amekasirika, akasema Kipaza, kwa sauti ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa ya kawaida.

— Anafanya kazi, nikamjibu.

Kesho yake teksi ilisimama mbele yetu. Akashuka mama mkwe kwanza, mwanamke mrefu, kilemba kimekazwa, mtoto kifuani. Mke wa Fundi, ninayemwita wifi yangu, akafuata taratibu, mkono tumboni, maana alikuwa amefanyiwa upasuaji. Mkoba wa mtoto haukushuka.

— Dereva, nisubiri, akasema mama mkwe. Sitakawia.

— Shikamoo, mama, tukaimba wote.

— Marahaba, wanangu.

Waya alikuwa tayari na kifaa chake, balbu kubwa kwenye kopo la rangi. Kipaza alipofungua kinywa tu kumpa mama pole ya safari, balbu ikawaka kama jua.

— Nini hicho? mama akashtuka.

— Ni taa ya mtoto akilia, mama. Imenisikia mimi nikikupa pole.

Ikazima. Ikapita pikipiki, ikawaka tena. Waya akavua shati lake, akalifunika lile kopo.

Fundi Kochi akatokea mlangoni. Macho mekundu, vumbi la mbao kwenye kope. Akamwinamia mama mkwe kwa heshima, halafu akamtazama mkewe, na yule mkewe akacheka kwa uso mzima ingawa amechoka. Akatuashiria sote tuingie.

Katikati ya karakana kilikuwepo kitanda. Nilikijua kile kikubwa, ndicho wanacholalia yeye na mkewe chumba cha nyuma. Lakini ubavuni mwake alikuwa amepachika kitanda kidogo chenye kingo tatu. Upande wa nne uko wazi kwa mama. Chaga zote za mbao amezitoa. Badala yake amevuta mikanda ya kochi, ile mipana ya kusukiwa viti kwa chini, akaikaza kama ngozi ya ngoma. Kila mkanda unaanzia chini ya godoro la mtoto, unapita, unaishia chini ya godoro la mama.

Mama mkwe hakukitazama sana. Akampa mwanawe mtoto ili apate mikono yake, na mikono ikaanza kusema.

Niseme kweli. Nimeuza kahawa miaka mingi, nimeona watu wakigombana kwa kila lugha iliyopita njia hii. Sijawahi kuona ugomvi kama ule. Mikono ya mama inakata hewa, inapanda, inagonga kiganja paa! Ya Fundi inajibu chini chini, kwa adabu, lakini hairudi nyuma. Wifi yangu mtoto yuko mkono mmoja, na kwa mkono mmoja uliobaki aliwashinda wote wawili kwa kasi. 

Mwisho mama akatugeukia sisi, kana kwamba tulikuwa mahakama.

— Mnaniona mbaya. Mimi ndiye niliyemlea huyu binti yangu. Alipoanza tu kutembea, alielekea kwenye sufuria ya mafuta ya moto. Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake mpaka sauti ikakatika. Hakugeuka. Nilimwahi kwa kipande cha gauni. Tangu siku ile sijawahi kulala usingizi wa watu. Sasa mnataka niwaachie watu wawili wasiosikia kiumbe asiyejua kitu isipokuwa kulia?



Wifi yangu alikuwa ameyasoma maneno yote mdomoni mwa mamaye. Akaenda kitandani. Akamlaza mtoto kwenye kile kitanda kidogo, usingizini. Yeye mwenyewe akakaa upande wa pili wa kitanda kikubwa, akampa mtoto mgongo, akaweka kiganja juu ya godoro na kufumba macho. Kwa mkono wa pili akasema neno moja.

— Anasema nini? Waya akanong'ona.

— Anasema ngoja, akajibu mama.

Tukangoja. Nje teksi inanguruma. Mama mkwe akaenda akainama juu ya mtoto, sikio lake karibu kabisa na pua ile ndogo, na sisi tumebana pumzi. Masikio mazima kumi yametegwa kwenye kitanda kimoja. Hatukusikia kitu.

Wifi yangu akafumbua macho, akageuka.

Mama akanyoosha mkono kumwambia hapana, amekosea, mtoto amelala. Na mkono haujafika mwisho, ule uso mdogo ukakunjamana. Miguu ikajinyoosha. Kinywa kikafunguka kutafuta. Kilio cha kwanza kilipotoka, mtoto alikuwa ameshanyanyuliwa, yuko kwenye titi, na kilio chenyewe kikafia njiani.

— Alijuaje? akauliza Mzee Saa. Alijuaje kabla yetu?

Fundi Kochi hakujibu kwa ubao. Alisubiri mtoto ashibe, arudishwe kitandani. Kisha akanishika mkono mimi wa kwanza, akakibandika kiganja changu juu ya godoro kubwa, mbali na mtoto, karibu na ukingo. Akaweka kidole mdomoni.

Mwanzoni hakuna kitu. Halafu, jamani. Kitu kilinigusa kutoka chini, chepesi kama samaki mdogo anapoonja ndoana. Kikanyamaza. Kikagusa tena, mara mbili. Nikamtazama mtoto: alikuwa anakunja na kukunjua mguu mmoja ndani ya shuka. Nimezaa wanne, nimelala nao, nimewabeba kwa mbeleko mpaka mgongo ukapinda, na sikuwahi kujua kwamba mtoto huongea hivyo kabla hajalia.

Machozi yakanitoka bila kupanga.

Wakaja mmoja mmoja. Waya akaweka kiganja, akatikisa kichwa, akaweka na cha pili. Mzee Saa akapiga magoti kwa shida, akafumba macho kama asikilizaye saa ya mtu iliyokufa ikianza kupiga.

— Anabisha hodi, akasema.

Kipaza akaweka kiganja, akakaa.   Yule mtu ambaye sauti yake inafika mtaa wa pili akainama, akalaza na shavu lake juu ya godoro.

Mama mkwe akawa wa mwisho. Alisimama, vidole ameficha kwenye mikunjo ya gauni. Mwanawe akamvuta taratibu, akamkalisha, akamwekea kiganja. Sikumtazama usoni, si adabu. Nilitazama mkono wake. Ulikuwa umekakamaa kama wa mtu anayegusa jiko. Ukakaa hivyo. Kisha nikauona unalegea, kidole kwa kidole, mpaka ukalala wote juu ya godoro.

Aliponyanyuka alienda mlangoni.

— Dereva! Shusha mkoba wa mtoto. Na wangu shusha. Kumbe hapa panahitajika mtu wa kufua nepi tu.

Tulikuwa bado tumekizunguka kitanda, watu wazima, magoti chini, viganja godoroni, alipoingia mteja mmoja, mwanamama aliyekuja kuchukua kiti chake. Akatutazama. Akamwona mtoto.

— Hee, hongereni jamani! Anaitwa nani?

Tukatazamana. Ubishi wote ule wa kigari na taa na mbwa, na swali hilo halikumjia hata mmoja wetu. Tukamgeukia mama mkwe. Naye hakujua, akawauliza kwa mikono.

Fundi akamtazama mkewe. Mkewe akaitikia kwa kichwa. Basi Fundi akapangusa vumbi la mbao mikononi, akainua mkono wa kulia. Vidole viwili vikagusa shavu. Halafu kiganja kikafunguka taratibu kuelekea mbele, kama mtu anayeachia kitu chepesi kiende zake.

— Ndiyo hilo, akasema mama mkwe. Sauti yake ilikuwa ndogo.

— Ndiyo lipi?

— Jina. Walikubaliana huko huko hospitali, anasema, yeye yuko nje ya dirisha na huyu yuko kitandani.

— Zuri, akasema mteja. Linatamkwaje?

Mama mkwe akafungua kinywa. Akakifunga. Akatutazama sisi, na Kipaza akafungua chake, nacho kikabaki hivyo.  Jina lenyewe lilikuwa la mikono tu.

Mzee Saa ndiye aliyeanza. Akainua vidole vyake vilivyozoea vyuma vidogo, akagusa shavu, akafungua kiganja. Waya akafuata. Kipaza akafanya haraka mno, akarudia polepole. Mteja akaweka mkoba wake chini apate mkono, naye akajaribu, akacheka, akajaribu tena.

Nami nikainua wangu. Nikagusa shavu, nikafungua. Fundi Kochi akatikisa kichwa, akanisogelea, akakishika kidole changu gumba kwa upole na kukiweka mahali pake. Nikaanza upya.