Risala ya Vijana Wasikilizaji wa Manga kuhusu Mlango Ambao Baba Haingii

Mgeni rasmi, Msimamizi wa Kaunti Ndogo yetu, Bi. Loice Nyangate, Daktari Avni na wenzako kutoka chuo kikuu, chifu wetu, wachungaji, makatekista na walimu, wazee mlioketi kwenye viti, na vijana mlioketi kwenye nyasi kwa kuwa viti vimeisha:

Sisi wanachama wa Kikundi cha Vijana Wasikilizaji wa Manga tunawasalimu nyote, na tunaomba mtuazime masikio. Tumewaazima yetu karibu miaka miwili, kwa hiyo si ombi kubwa.

KUKUPOKEA

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kupanda mlima huu kuja kutuzindulia ripoti yetu. Gari lako tumeliona likibaki pale chini kwenye tope, nawe ukafika kwa boda boda kama sisi wengine. Mwendeshaji yule ni mwanachama wetu. Tunaomba radhi kwa nyimbo alizokuimbia njiani, hakutumwa na kikundi.

Ratiba inasema risala isizidi dakika kumi. Tutaiheshimu kadiri tunavyoweza. Ratiba hiyo hiyo inasema wewe ulifika saa tatu asubuhi, nasi tumekubali hivyo.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianza na vijana waliomaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani wakingoja mambo yajipange. Mambo hayakujipanga. Aliyekuja ni Daktari Avni. Alitafuta vijana wanaojua Ekegusii, wanaojulikana vijijini, na wanaoweza kusikiliza mtu bila kumkatiza. Sifa ya tatu ilipunguza wengi, hasa kwa upande wa wavulana.

Daktari si mgeni. Alizaliwa Kisii mjini, na nusu ya mama zetu walinunua sare zetu za shule katika duka la babu yake. Fani yake ni saikolojia ya jamii. Hakuja kutibu mtu mmoja mmoja. Alitaka kujua ukatili ndani ya nyumba unamfanya nini mtoto, na watu wanaoishi kando ya nyumba hiyo wanafanya nini wakisikia.

Alitufundisha kuomba ruhusa kabla ya kuuliza, kutotaja jina la mtoto, na kutoonyesha mshangao. Alituambia, "Mtu akikwambia alimvunjia mwenzake kiti mgongoni, wewe andika kiti. Ukishtuka, hatakwambia kilichofuata." Tulizoea hivyo. Ndiyo sababu risala hii itasomwa kwa sauti moja mpaka mwisho. Msidhani hatuna machozi.

TULIYOYAPATA

Tulitembea nyumba kwa nyumba, hapa Manga na kule Nyansiongo. Tuliona tofauti mapema. Nyansiongo mashamba ni mapana, na mtu akilia anasikilizwa na mahindi. Hapa Manga tumebanana. Ukipiga chafya, jirani anakuombea. Kwa hiyo Nyansiongo tuliuliza nani anasikia, na Manga tukauliza wanaosikia wanafanya nini.

Kulikuwa na swali moja kwa wazee wa kiume: mwanao akimpiga mkewe au watoto, wewe huingilia kati? Mzee baada ya mzee alijibu hapana. Walijibu wakitazama migomba. Majibu yakaenda chuoni, yakahesabiwa, na rasimu ya kwanza ya ripoti ikasema kwamba babu wa mlima huu hawajali.

Hapa tunawaomba wageni wetu wasikilize vizuri. Kwetu baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hakai humo, na wala havuki kizingiti. Baba na mwana hawazungumzi mambo ya chumbani, wala hawatajiani aibu uso kwa uso. Mpaka huo wa heshima tunauita chinsoni. Baba anaweza kumjengea mwanawe nyumba kwa mikono yake mwenyewe, na siku mke akiingia, yeye akabaki uani maisha yake yote. Sasa wewe kijana unakuja na swali lako, unamuuliza mzee kama huingilia kati. Kwa masikio yake umemuuliza kama huingia. Angejibu nini? Na sisi wenyewe, watoto wa hapa hapa, tuliandika hapana tukaaga, kwa sababu nasi tunaona haya kumdodosa mzee.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja mzee wa hapa Manga, Mong'ina Nyanchera, na hakukusudia. Mwenyekiti wetu, Purity, alikuwa kwake akimuuliza kama amewahi kusikia watoto wakilia kwa jirani.

"Kwa jirani? Hapana," alisema. "Kwa jirani shida ni ng'ombe."

"Ng'ombe analia, Mong'ina?"

"Ng'ombe halii. Anaingia mahindi. Kila siku ya soko, jua likizama, Ogoti anaanza kelele, mwanangu toka, ng'ombe amemaliza mahindi. Tumechoka na huyo ng'ombe."

"Na yako amekula kiasi gani?"

"Mimi? Hajanilia hata jani."

"Na ya Ogoti mwenyewe?"

Mong'ina alimsogezea kikombe. Kisha akasema, "Wewe msichana, kunywa chai yako ipoe kwa nini?"

Tulimwendea Mzee Ogoti. Tulimkuta akimpa huyo ng'ombe majani ya migomba, na ng'ombe mwenyewe ni mpole kiasi kwamba kuku walikuwa wamelala mgongoni pake. Hatukumuuliza kama huingilia kati. Abner wetu, ambaye kwa ukoo anamwita Mzee babu, na kwetu mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu, alimwambia, "Sokoro, huyu ng'ombe wako anajua siku za soko kuliko wachuuzi. Amesomea wapi?"

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akatuambia.

Siku ya soko mwanawe hurudi amelewa. Mzee akisikia vyombo vinaanza kuanguka mle ndani, humfungua ng'ombe, humpeleka mpaka mbele ya mlango wa mwanawe, na kumwita atoke amfukuze. Haendi kwa sababu ya mke, wala haulizi kitu. Anaita kuhusu ng'ombe. Hata mlevi hawezi kukaa ndani baba yake akimwita kwa ajili ya ng'ombe, kijiji kizima kitasema. Mwana anatoka na fimbo, ng'ombe anamzungusha migombani, na kwa muda huo mama na watoto wanapita mlango wa nyuma kwenda kulala kwa magokoro, yaani bibi yao. Mzee alisema, "Huyu ng'ombe amezungushwa mpaka maziwa yamepungua. Lakini watoto wamelala."

Tulipomweleza Daktari Avni, hakushtuka, kama alivyotufundisha. Aliweka kalamu chini tu, akaichukua tena. Kisha akaongeza nafasi chini ya lile swali: kama huingilii kati, unafanya nini? Tukarudi kwa wazee wale wale. Mmoja hukohoa uani mpaka kifua kinauma. Mmoja hupiga bati akidai nguchiro yuko kwenye kuku. Mwingine, Msabato, huanzisha ibada ya jioni nje ya nyumba ya mwanawe, na siku mbaya huimba nyimbo zote anazozijua. Rasimu ya kwanza ilifutwa. Ripoti unayozindua leo inasema babu wa mlima huu wanajali, ila wanajali wakiwa uani. Inasema pia kwamba watoto walio na mahali pa kukimbilia karibu, kwa bibi au kwa shangazi, hulala vizuri zaidi na husoma vizuri zaidi kuliko wasio napo. Hayo ndiyo mafanikio yetu. Tunajivunia, ingawa sifa nyingi ni za ng'ombe.

CHANGAMOTO

Changamoto ndogo tumeziacha kwenye nakala utakayopewa, pamoja na hilo tope ambalo umelifahamu mwenyewe. Hapa tunasoma moja.

Majirani wa Mzee Ogoti, waliokuwa hawajui, walikuwa wamekwisha kupeleka malalamiko kuhusu ng'ombe anayezurura. Ofisi yako ilifanya inavyotakiwa. Siku ya soko jioni, askari wa kaunti walimkuta ng'ombe njiani bila kamba, na Mzee nyuma yake akipiga kelele. Waliona ng'ombe na kelele, na hayo ndiyo waliyoandika. Hatusemi walikosea, sheria ya mifugo ni sheria. Ng'ombe yuko katika boma la kaunti pale chini, na tangazo la mnada limebandikwa mlangoni.

Siku ya soko iliyofuata Mzee alijaribu mbuzi. Alimpeleka mpaka mlangoni, akaita, "Toka, mbuzi anakula mahindi."

Mwanawe alijibu kutoka ndani, "Mwache ale, Tata."

Mzee alisimama pale uani. Aliita tena. Alituambia aliweka mkono kwenye mlango, akauondoa. Tulimuuliza kwa nini, na tulijua ni swali la kijinga hata kabla halijatoka. Alisema, "Nikiingia, nitakuwa nimeingia kwa nani? Huyu wa ndani hatakuwa mwanangu tena, na mimi sitakuwa baba yake, na bado atawapiga." Tuliandika mlango, kama Daktari alivyotufundisha.

Wiki hiyo mtoto wa nyumba ile, wa gredi ya nne, aliandika kazi zake zote kwa mkono wa kushoto. Mwalimu wake alituambia si mtoto wa mkono wa kushoto. Zahanati ilifunga mkono wa kulia. Mama alisema ameanguka, na mtoto akasema ameanguka, maneno yao yakifanana neno kwa neno.

Daktari Avni aliandikia ofisi ya watoto siku hiyo hiyo. Barua ilifika, na tulijibiwa kwa heshima kwamba ofisa atapanda mara gari litakapopatikana. Ofisa ni mmoja na vilima ni vingi. Tunaelewa.

MAOMBI

Mgeni rasmi, kikao chetu kilikuwa kimeandika maombi mengi: viti, hema, vyeti, na Abner alitaka fulana zenye jina la kikundi. Jana tuliyafuta. Tumebakiza hili.

Kabla hatujalisema, mjue kwamba Mzee Ogoti yuko hapa, kiti cha tatu kutoka kwa chifu, na yeye ndiye aliyeturuhusu kulisoma mbele ya watu. Mkewe na mama wa watoto walikubali pia, kila mmoja akiulizwa peke yake. Tulimuuliza Mzee mara ya pili asubuhi hii, kama kanuni zinavyotaka, kwa kuwa mtu ana haki ya kubadili nia. Akasema, "Mimi siwezi kumtajia mwanangu jambo hili. Lakini hakuna mila inayonikataza kuketi nikisikia vijana wakisoma." Mwanawe hayupo. Leo ni siku ya soko.

Tunaomba ng'ombe aachiliwe. Makosa yake tumekwisha kuyaeleza, na kama kuna mahindi aliyoyala, mwenye mahindi ajitokeze sasa. Mong'ina Nyanchera ametuambia yeye hatajitokeza, na ndiye aliyeandika malalamiko.

Lakini ng'ombe peke yake hatoshi, na hatungependa uondoke ukidhani tulikupandisha mlima huu wote kwa ajili ya ng'ombe. Yeye hununua muda wa kutosha watoto kuvuka ua, halafu asubuhi wanarudi nyumba ile ile. Na siku moja mlevi atasema ng'ombe naye ale. Mzee amefika pale ambapo mila inamruhusu kufika. Anahitaji mtu asiye na chinsoni na mwanawe, mtu ambaye sheria imempa ruhusa ya kuvuka kile kizingiti, kukaa kwenye kiti, kuwauliza mama na mtoto kila mmoja peke yake, na kusema hapa watoto hawalali leo ikiwa hapafai kulala.

Mtu huyo tumemwona katika msafara wako. Ni Bw. Onyiego, ofisa wa watoto, mstari wa pili, aliyeshika soda. Karibu Manga, Bw. Onyiego. Unaweza kuimaliza kwanza.

Tunajua kwamba shida ilikuwa gari. Leo gari lipo. Liko kwenye tope, lakini halihitajiki, kwani nyumba ya Mzee Ogoti iko nyuma ya shule hii, na Purity atakuongoza kwa njia ya miguu. Chifu yuko hapa. Bibi wa watoto ametandika. Soko linavunjika jioni, na kutoka sokoni mpaka nyumbani mtu hupitia vituo kadhaa, kwa hiyo tuna muda, ila si mwingi.

Mgeni rasmi, tunaomba umwambie askari wako amfungue ng'ombe leo hii amlete, na umwambie Bw. Onyiego aende naye hadi kwa Mzee. Wakifika uani, ng'ombe abaki na Mzee. Bw. Onyiego aingie.

KUHITIMISHA

Mungu akulinde unaposhuka, alinde na gari lako lisizame zaidi. Awabariki wanaosikia na wanaosikiwa. Hotuba yako tutaisikiliza yote, ni kazi tuliyoizoea, lakini tutaelewa kabisa ikiwa leo itakuwa fupi.

Sisi wako,
Kikundi cha Vijana Wasikilizaji wa Manga