Enoki Mwalongo, Minandi na Kozi wa Jabalini

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuhesabu ndege, Bwana Enoki Mwalongo anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Hatimaye boti yetu itaondoka kwa wakati.

Enoki alizaliwa Uwemba kwenye baridi, akaajiriwa kuhesabu ndege wa Ziwa Nyasa kwenye joto, na habari hiyo hajaikubali mpaka leo. Huteremka ufukwe wa Ludewa na koti la sufu, jasho likimtiririka, akisema hali ya hewa inaweza kubadilika. Kuogelea hajui. Boti ikitikisika kidogo tu, hufumba macho na kuimba nyimbo za kanisani, beti zote.

Ugonjwa wake mkubwa ni salamu. Huhesabu kwa Kibena, kwa sauti, na mtu akimsalimu katikati lazima ajibu, aulizie watoto, mahindi na mguu wa bibi, kisha aanze upya. Tulimshauri aandike pembeni alipofika. Wapi! Anasema hesabu iliyokatizwa haiaminiki.

Septemba 2016 ofisi ilitaka jibu moja: je, kozi, yule ndege mwindaji, bado anataga kwenye jabali la ufukweni? Kama hayupo, jabali livunjwe liwe kokoto. Kiongozi wa msafara nilikuwa mimi, Cresensia. Enoki akaanza na minandi, ndege weusi wazamiaji waliojaa pale juu. Alipofika mia mbili na kumi akapita mama mwenye ndoo ya dagaa. Salamu. Akaanza upya, akapita katekista. Mara ya nne ilipita harusi nzima. Jamani, harusi! Alimsalimu hadi mpiga ngoma.

Saa kumi jioni boti ikapiga honi. Nilikuwa na njaa, nawaza nyama ya nguruwe, kitimoto cha Makambako. Nikaandika kwenye ripoti kwamba kozi hakuna, nikasaini, nikapanda. Enoki akagoma kuondoka. Ndiyo kwanza alikuwa kwenye thelathini na sita.

Jumatatu akaingia ofisini na koti lake. Minandi walikuwa mia nne na kumi na mbili. Alipomhesabu wa mwisho, kozi alipita na njiwa kwenye makucha, akaingia kwenye ufa wa jabali. Ndani mlikuwa na makinda wawili.

Angeweza kwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Badala yake alifunga mlango, akaniambia kwa upole, dada, andika upya kabla hawajaisoma. Nikaandika upya kwa aibu, nikasaini jina langu peke yake. Jabali likapona. Mimi nikapewa cheti cha mfanyakazi hodari na cheo juu yake, na aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa Enoki. Karibu miaka tisa sijafungua mdomo.

Basi ijulikane leo, mkurugenzi akiwa anasoma: aliyemwona kozi ni Enoki Mwalongo. Mimi nilikuwa kwenye boti.

Asante, kaka Enoki, na unisamehe. Tunakuombea afya na siku nyingi za furaha huko Kitandililo kwenye maparachichi yako. Habari ya cheo nitaizungumza na mkurugenzi baada ya keki.