Ezekieli Alute Kiula na Shauri Aliloliacha

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu tunayemsindikiza leo, Ezekieli Alute Kiula, alizaliwa Misigiri, wilayani Iramba, tarehe 12 Agosti 1974, mtoto wa kwanza wa kiume wa mzee Alute Kiula na mama Yustina. Alibatizwa akiwa mchanga na kupata kipaimara hapo hapo kijijini.

Shule ya msingi alimaliza mwaka 1989. Hakuendelea, kwa kuwa mwaka ule nyumbani hapakuwa na wa kuchunga. Alizoea kusema shule haikumkataa, ila ng'ombe ndio waliomkatalia.

Mwaka 1996 alihamia Shelui, akaajiriwa na mzee Mughwai kwenye mashine ya kukamua alizeti. Jioni alirudi akinukia mashudu, na mbuzi wa majirani walimfuata mpaka mlangoni. Emiliana Christopher, ambaye ndiye mama yetu, alimfahamu kwa hao mbuzi: alitoka kuwafukuza, akakuta na mtu. Walifunga ndoa tarehe 4 Septemba 1999.

Tarehe 9 Februari 2024 aliachishwa kazi. Waliomwachisha walisema ameiba mafuta. Hakuitwa kikaoni wala kuulizwa. Alipewa barua getini, watu wakitazama. Akapanda basi hadi Singida mjini, kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akajaza madai yake. Fidia hakuomba. Aliomba arudishwe kazini, ili waliomwona akitolewa getini wamwone akiingia.

Ila alikosea jambo moja. Shelui nzima mashine ile huitwa kwa Mughwai, hata na watoto waliozaliwa mzee akiwa ameshafariki. Basi marehemu akaandika kwamba anamlalamikia Mughwai. Kumbe warithi walishaanzisha kampuni yenye jina jingine kabisa, na kisheria hiyo ndiyo iliyomwajiri. Je, mtu anaweza kumlalamikia aliyekwisha kuzikwa? Haiwezekani. Wakili wa kampuni alisimama akasema, "Mheshimiwa mwamuzi, huyu anayelalamikiwa alifariki mwaka 2009."

"Ni kweli," marehemu akajibu. "Hata kaburi nilishiriki kuchimba."

Watu walicheka, lakini wakili aliomba shauri litupwe, na likitupwa, jina la wizi lingembakia. Mwamuzi hakulitupa. Alimpa ruhusa ya kurekebisha hati ya madai, atoe jina la mzee, aweke la kampuni. Siku hiyo marehemu alirudi nyumbani na nyama.

Shemeji yake Melkizedeki alimtania, "Shemeji, umemburuza marehemu mbele ya mwamuzi. Siku ukimkuta huko utamwambia nini?"

"Nitamwambia nilisharekebisha."

Mwanzoni mwa mwaka 2025 figo zilianza kumsumbua. Mwezi Aprili alilazwa Singida mjini, na siku zile za mwisho hakuulizia dawa, aliulizia tarehe ya shauri.

"Mama Rahel, wasije wakafunga jalada."

"Halifungwi, baba Rahel. Lala."

Alifariki tarehe 14 Mei 2025, wiki chache kabla ya siku aliyopangiwa kutoa ushahidi. Hakuwahi kusikilizwa.

Jana kikao cha ukoo kilimpendekeza mama Emiliana awe msimamizi wa mirathi. Mahakama ikimthibitisha, ataomba hati ile irekebishwe tena, jina lake likae palipokuwa na la mumewe. Wapo waliomuuliza anahangaikia nini, wakati marehemu hawezi tena kurudishwa kazini. Alikuwa ameinama, akajibu bila kuinua uso, "Kazi basi. Nataka waamue kama aliiba au hakuiba."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, Rahel, Noel na Belinda, mama yake mzazi, bibi Yustina, pamoja na wadogo zake. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Shauri lake tunabaki nalo sisi. Yeye, Mungu ampumzishe kwa amani.